Shimo la Moto la Kaka

Jumamosi, 2 Machi

Kaka ameamua kuupendezesha uwanja wa nyuma, na katikati yake patachimbwa shimo la moto. Si jalala la kuchomea taka, amesisitiza, ni shimo la kukaa: duara la mawe, kokoto kulizunguka, benchi la saruji upande mmoja, viti upande wa pili, taa ndogondogo kwenye nyasi. Ameliona kwenye simu. Tulipomaliza kula alinipa nitazame, nikaona watu waliovaa sweta wakicheka mbele ya moto ambao haukuwa unapika chochote.

"Wewe si ndiye msomi wa nyumba hii," akaniambia. "Nichoree. Na vipimo viwepo."

Nikasema nitachora. Ndivyo nilivyo, hukubali kwanza, huogopa baadaye.

Pale anapotaka shimo ndipo yalipo mawaridi ya marehemu mama yetu. Nilingoja akumbuke mwenyewe. Hakukumbuka. Nikamtazama wifi, naye alikuwa akifuta meza taratibu, kama mtu aliyekwisha kupata alichotaka. Nina hakika wazo ni lake. Kutwa yuko na simu yake, anaitazama kwa kujificha.

Jumapili, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Sikuchora kitu.

Jumatano, 6 Machi

Meneja aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Nilidhani nimekosea hesabu ya lori la asubuhi. Kumbe kampuni inafungua yadi ya pili ya mawe na saruji, katika mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi, na inahitaji karani mkuu.

"Kwenye karatasi zako sijawahi kukuta kosa," alisema. "Ila usimtangazie mtu bado."

Nyumba ya kuishi ipo, vyumba viwili, ndani ya uzio wa yadi. Mimi hulala chumba cha watoto wa kaka, kitanda cha chini, na wa mwisho akiota vibaya hunipanda kifuani. Nimeyarudia maneno yale njia nzima: vyumba viwili.

Nimemwambia kaka tu, kwa sababu furaha ile ilinielemea. Akasema, "Vizuri, Kijasho," akaendelea kula. Kijasho ni jina alilonipa utotoni kwa ajili ya viganja vyangu, ambavyo hulowa nikiogopa. Watoto wake nao wananiita Shangazi Kijasho.

Jumapili, 10 Machi

Nimemaliza mchoro. Niliupima uwanja kwa kamba mvua ilipopumzika. Shimo liwe mbali na ukuta wa jikoni na matawi ya mti wa jirani. Chini kokoto, maji yapate pa kushukia. Ndani matofali ya moto, nje ndiyo mawe ya mapambo. Viti vikae upande upepo unakotoka, moshi usiwafuate watu. Na nililisogeza shimo kidogo kushoto, kuyaokoa mawaridi.

Kaka aliutazama mchoro amesimama, kisha akachukua kalamu mkononi mwangu.

"Hili limekaa pembeni kama choo. Lirudi katikati." Akachora duara juu ya mawaridi. "Na haya matofali ya nini?"

"Ni ya moto, kaka. Yanakaa ndani kwa sababu mawe..."

"Hilo ni tanuri la mikate. Mimi nataka mawe ya mto matupu, ndani na nje. Yale ya mviringo, yanayong'aa."

"Lakini mawe ya mto, kaka, ukiyaweka..."

"Nikiyaweka yataning'ata? Usinianzie uoga wako."

Watoto wakacheka. Wifi hakucheka, aliinamia simu.

Nitamweleza kesho, akiwa peke yake. Mwaka jana mteja wetu mmoja alijenga jiko kwa mawe ya mto. Jiwe lililokuwa limenyonya maji likapata moto, maji yakakosa pa kutokea, likapasuka kama risasi. Tangu hapo Meneja ameamuru kwamba kila anayenunua mawe hayo aulizwe mezani kwangu: ni ya njia au ya moto? Akisema ya moto, hauziwi, anaelekezwa kwenye matofali. Akisema ya njia, naandika "njia" kwenye stakabadhi na lori linapakiwa. Ni swali ninaloweza kuliuliza nikiwa usingizini.

Jumatatu, 11 Machi

Nimerudi kutoka kazini nimekuta mawaridi yameng'olewa, yamelazwa ukutani, mizizi juu. Kaka alikuwa na wageni. Sikupata nafasi ya kumweleza.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi Meneja alitukusanya karibu na mzani, akatangaza kwamba karani mkuu wa yadi mpya ni yule mwenzangu wa mizani, ambaye sote tunamwita Mizani. Wapakiaji wakampigia makofi. Mizani mwenyewe alinitazama kwa mshangao, kwa sababu yeye hukosea kujumlisha na anajua kwamba ninajua.

Sikujua nilipata wapi miguu ya kumfuata Meneja. Nilisimama mlangoni.

"Meneja, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Ingia, keti." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Kaka yako alipita Jumamosi. Tumefahamiana siku nyingi, si unajua, ananunua kwetu mzigo wa kampuni yao. Akanieleza kama mzazi. Usione aibu."

"Akakueleza nini?"

"Kwamba usiku unaamka unapiga kelele. Kwamba huwezi kulala nyumba peke yako. Kwamba walishakupeleka kwa daktari." Akazungusha kalamu. "Ningekupeleka kule, kitu kikitokea, lawama yangu. Kila mtu na moyo wake, binti."

Anayeamka akipiga kelele usiku ni mtoto wake wa mwisho, juu ya kifua changu.

Nilisema, "Asante, Meneja." Nimeliandika hilo ili nilione. Mtu amenipaka matope, nami nikamshukuru aliyeyapokea.

Jioni kaka alikuwa mlangoni na viatu vya kazini bado miguuni. "Umechelewa. Wifi yako hawezi na watoto watatu peke yake." Basi nikaelewa. Nikiondoka, nani atawaogesha, nani atakaa nao Jumamosi yeye akitoka. Hakufanya kwa chuki. Alifanya kama mtu anayeuzuia mlango usijifunge, akaweka kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni mimi. Afadhali ingekuwa chuki.

Niliwaogesha watoto. Nilipiga pasi shati lake. Kila nilipoigeuza kola niliona shingo yake. Nataka naye siku moja asimame mbele ya watu asiwe na la kusema. Nataka aumie.

Ijumaa, 15 Machi

Alipiga simu ya ofisini saa nne.

"Kijasho, niandikie mawe yangu. Ya mto. Makubwa makubwa, kama vichwa. Mjumbe wangu atasaini."

Ilikuwa zamu yangu ya kusema. Maneno yalikuwa mdomoni, yamejipanga, kama yanavyojipanga kila siku kwa kila mteja. Nje lori lilikuwa linaunguruma. Nilikuwa na kalamu mkononi na kiganja kilikuwa kimelowa.

"Sawa, kaka," nikasema.

Nikaandika: njia.

Jumamosi, 16 Machi

Mawe yamefika. Kaka aliisoma stakabadhi, akauliza, "Njia? Njia gani tena?" Nikasema ni utaratibu wa ofisi tu. Akaikunja akaitia mfukoni, akaenda kumkemea fundi kuhusu benchi. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka moyo ulipotulia.

Fundi ameanza kupanga. Benchi la saruji kaka amelitaka karibu kabisa na shimo, "nikae na moto wangu, si kuutazama kwa mbali kama mpita njia." Nilikuwa nimeliweka mbali zaidi kwenye mchoro. Sikumkumbusha.

Jumatano, 20 Machi

Mvua kutwa. Mawe yanapendeza yakilowa, kusema kweli. Yanakunywa.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua.

Jumapili, 24 Machi

Kaka amewaonyesha wenzake wawili wa kazini picha za shimo, nikasikia wakimvika kilemba cha ukoka: hakuna nyumba mtaani yenye kitu kama hiki, wewe mtu wa daraja lingine. Akavimba. Akawaahidi kwamba mvua zikiisha ataliwasha rasmi na Meneja wangu atakuja.

Meneja naye. Wote wawili, mbele ya moto mmoja. Nililala vizuri.

Jumanne, 2 Aprili

Mizani bado hajahamia yadi mpya. Mkewe hataki kusikia.

Kaka ameleta turubai la kufunikia shimo, amelikandamiza kwa mawe manne. Jioni nimekuta wifi amelikunja ameliweka stoo. "Linaharibu sura ya bustani," akasema. Mwanamke huyu anajali sura tu. Lakini sikulirudisha turubai.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Mtoto wa mwisho ana mafua. Nimeamka naye mara kadhaa, na kila mara nimemsikiliza kaka akikoroma ukuta wa pili. Nilifikiria jinsi atakavyoshtuka. Nikajaribu kupata picha ya damu, picha ikakataa kuja. Inakuja ya aibu tu.

Jumatano, 10 Aprili

Leo nusura nimwambie. Alimletea mtoto dawa, akamnywesha mwenyewe, akampulizia kijiko kana kwamba dawa inaunguza. Nikasema, "Kaka." Akasema, "Nini tena, Kijasho, panya?" Nikasema hakuna kitu.

Jumapili, 14 Aprili

Lazima niandike haya kama yalivyosemwa.

Kaka alikuwa ametoka na watoto. Mimi na wifi tulikuwa tunaanika nguo chini ya paa la nyuma, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na kuondoka. Shimo lilikuwa mbele yetu limejaa maji hadi nusu.

"Yameshiba," wifi akasema.

"Nini?"

"Mawe." Alikuwa na vibanio mdomoni, akavitoa kimoja kimoja. "Baba yangu alikuwa mwokaji mikate. Tulikuwa tukiokota mawe mtoni kuchezea, na tukiyasogeza karibu na tanuri lake tunachapwa. Sijui kama unalijua hilo, wifi. Nadhani unalijua. Wewe ndiye karani wa mawe."

Nilikuwa nimeshika shuka mbichi. Sikuweza kuitupia kambani wala kuishusha.

"Nilitaka kumwambia," nikasema.

"Nilikusikia ulipotaka. Nikakusikia pia ulipoacha." Akaichukua ile shuka mikononi mwangu, akaianika. "Mimi nilianza kuacha zamani."

Ndipo akanieleza. Kabla ya watoto alikuwa muuguzi, wodi ya wazazi. Hilo nilijua. Nilichokuwa najua pia, au nilidhani najua, ni kwamba aliacha kazi kwa uvivu baada ya mtoto wa kwanza. Kumbe alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na kaka alikwenda kuongea na mkuu wa wauguzi. Kama mzazi. Akasema mkewe hajiwezi tangu ajifungue, analia hovyo, ana mikono isiyotulia, na mtu wa namna hiyo hafai kushika watoto wa watu. Wifi aliporudi alikuta meza yake ina mtu.

"Hakuwahi kuniambia. Aliniambia mkuu mwenyewe, miaka miwili baadaye, sokoni. Alidhani nilikuwa nimemtuma."

"Sasa hiyo simu..."

"Matangazo ya kazi," akasema. "Ulidhani nini, mapambo?" Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Mawifi tuna kazi. Miaka sita tunachunguzana nani kamaliza sukari, na mwizi yuko chumbani."

Nilimuuliza kama tumwambie. Niliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Ukimwambia atakucheka. Usipomwambia atalia. Chagua unachotaka kusikia." Akaokota beseni. "Watoto siku hiyo watalala kwa jirani. Nimeshapanga."

Ameshapanga. Mimi nilijiona nimebeba kitu kizito peke yangu, kumbe mwenzangu anakibeba upande wa pili, na mikono yake haitetemeki hata kidogo. Tangu leo namwogopa wifi kuliko kaka.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Hatukutazamana.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimelipata tangazo moja la kazi la wauguzi kwenye gazeti la ofisini. Nimelikata nikaliweka chini ya sahani yake. Halikuzungumzwa.

Ijumaa, 26 Aprili

Siku ya tatu bila mvua. Kaka ameyachota maji yote shimoni kwa ndoo, akaacha jua lipige. Amelipitishia kitambaa jiwe moja moja, ameridhika. "Makavu kama mfupa," akasema. Makavu nje. Jumamosi ijayo ndiyo siku. Meneja amekubali.

Jumapili, 28 Aprili

Sijalala. Nilikuwa nataka aumie. Sasa kwa kuwa kuna mtu mwingine anayetaka kweli, sijui kama mimi nilikuwa nataka au nilikuwa naandika tu.

Hapana. Nilitaka. Nikikumbuka "kama mzazi" bado nataka.

Jumapili, 5 Mei

Haya ni ya jana.

Wageni walifika saa kumi na mbili: Meneja, na wale wenzake wawili wa kaka. Watoto walikuwa wameondoka mchana na mito yao ya kulalia. Wifi alipanga viti, na niliona kwamba aliviweka mbali na shimo kuliko alivyoagizwa. Chini ya meza ya vinywaji palikuwa na sanduku alilobaki nalo tangu siku za wodini, lenye bandeji, pamba na chupa za maji ya kusafishia vidonda. Limefunguliwa kifuniko. Nikamtazama, akanipa trei ya glasi.

Kaka alimwaga mafuta ya taa kidogo juu ya kuni, akatoa hotuba fupi, akawasha. Moto ulipanda vizuri. Mchoro wangu haukuwa mbaya, moshi ulikwenda kule nilikoupangia uende. Kaka akakaa kwenye benchi lake la saruji, magoti yakikaribia mawe, akanyoosha mikono kwa moto.

"Njooni karibu, jamani. Mmekaa kama mko benki."

Wenzake wakavuta viti mbele. Meneja hakuvuta. Alikuwa ameinama anatazama mawe, na niliuona uso wake ukibadilika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na trei, glasi zikigongana.

"Haya ni mawe ya mto," akasema.

"Ya kwako hayo. Ya yadi yako," kaka akajibu kwa furaha.

"Ya kwangu hayauzwi kwa moto." Akasimama, akakirudisha kiti chake nyuma hadi kwenye nyasi. "Nyie wawili, sogeeni. Sifanyi mzaha." Kisha akamgeukia kaka. "Karani wangu hakukuuliza?"

Nilijua kwamba nimekwisha. Niliiona stakabadhi, mwandiko wangu, neno langu moja. Kazi imekwenda, jina limekwenda. Kaka alikuwa anahitaji kusema ukweli tu: hapana, hakuniuliza.

Lakini wenzake walikuwa wanamtazama. Walikuwa wameshasimama na glasi zao, mmoja akiwa na tabasamu la mtu anayesubiri kusimulia jambo Jumatatu. Na kusema hakuulizwa ni kusema hakujua.

"Aliniuliza," kaka akasema. Alicheka. "Sana tu aliniuliza. Nikamwambia andika njia, unipishe. Mimi sinunui mawe kwa ruhusa ya waoga."

Wifi aliinua kichwa. Glasi zangu ziliacha kugongana.

"Bwana, hebu toka hapo," Meneja akasema.

"Nimejenga mwenyewe, nitoke niende wapi?" Akachukua gogo jingine akaliweka juu. Cheche zikapanda. "Makavu haya. Nimeyafuta kwa mkono wangu."

Tulikuwa duara la watu waliosimama mbali, na yeye peke yake ameketi. Benchi lile halisogei. Angetaka kurudi nyuma angepaswa kuinuka mbele yetu sote, na nilimwona akilifikiria hilo na kulikataa. Kitu fulani shimoni kikalia, sauti nyembamba, kama birika kabla halijachemka.

Sijui wifi alikuwa anawaza nini. Mimi nilijua kwamba nikinyamaza sasa, hakuna atakayenilaumu milele. Nilikuwa nimeshatakaswa na mdomo wake mwenyewe. Nilichokitaka tangu Machi kilikuwa mbele yangu, kaka amesimamishwa mbele ya watu bila la kusema, hata kama alikuwa ameketi. Hilo lilinitosha. Zaidi ya hilo sikuwa na moyo wa kulitazama.

"Kaka," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyozoea. "Sogea. Linapasuka. Tafadhali inuka."

Alinigeukia. Alikuwa anatabasamu.

"Mnamwona? Si niliwaambia? Kaa chini, Kijasho."

Kwa sababu alinigeukia mimi, jiwe lilimpata upande wa kushoto. Mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mlango uliofungwa na upepo, kisha wa pili, na majivu yakaruka, na kaka akawa chini kando ya benchi ameshika uso. Alilia. Wifi alikuwa amefika kabla yetu, na sanduku.

"Toa mkono," alimwambia. "Toa mkono nione." Sauti ya wodini, tulivu, ya mtu ambaye mikono yake imetulia. "Jicho lipo. Meneja, leta gari nyuma."

Nilimwagia shimo maji, jambo lililokuwa kosa, kwa sababu mawe mengine mawili yakapasuka. Hakuna aliyekuwa karibu.

Jumatatu, 6 Mei

Meneja aliniita akafunga mlango.

"Mteja akikudanganya, hilo ni juu yake. Uliuliza, ukaandika alichosema." Alikuwa anatazama dirishani. "Na ulimwambia ainuke. Mbele yetu sote, na yeye anakutukana. Nimelifikiria sana hilo. Huyo siye mtu niliyeelezwa."

Safari hii sikushukuru.

"Mizani amekataa kuhama, mkewe kagoma. Ungekwenda lini?"

"Jumapili," nikasema.

Alhamisi, 9 Mei

Kaka yuko nyumbani. Daktari amesema jicho litaona, lakini ukungu hautaondoka wote. Kila asubuhi wifi anampeleka kusafishwa kidonda, na kila asubuhi anamrudisha akiwa amechelewa, maana akifika kule huongea na mkuu wa wauguzi. Jana aliniuliza kama sare nyeupe inatoka madoa ya mafuta. Nikamwambia aloweke kwanza.

Watoto atalea nani, hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, 11 Mei

Begi langu liko mlangoni. Nilimpelekea kaka chai chumbani. Alikuwa amelala chali, upande wa kushoto bandeji, jicho la kulia limefunguka, linatazama dari.

"Ile siku ya mawe," akasema. "Hukuniuliza."

Niliweka kikombe kwenye stuli.

"Nimekaa hapa nakumbuka. Nilikupigia simu, nikataja mawe, ukasema sawa kaka. Hukuuliza kitu. Ukaandika njia." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayehesabu upya. "Ulijua?"

"Mbona wewe mwenyewe ulisema nilikuuliza," nikamwambia. "Meneja alisikia. Wenzako walisikia, na nadhani kazini kwenu sasa kila mtu amesikia. Unataka niwaambie ulisema uongo?"

Alifungua mdomo. Nikangoja. Nilingoja kwa adabu, mikono mbele, kama ninavyongoja mezani mteja apate jibu lake. Lile jicho moja lilinitazama, na nikalitambua. Ni la mtu anayeyapima maneno kabla ya kuyatoa, akakuta hakuna hata moja litakalomfaa. Nimelibeba mimi miaka yote katika nyumba hii.

"Kunywa, kaka," nikasema. "Inapoa."